Ndugu wa Mgonjwa

Pumzi za mume wangu zilipoanza kukatika, niliogopa. Alipoacha kuua nzi, nilijua sasa tumekwisha.

Mume wangu ni muuza nyama, mtaa mzima unamwita Bucha, na hata mimi mkewe nimeshazoea. Muuza nyama na nzi hawana suluhu, hilo halihitaji kuelezwa. Miaka yote amesimama nyuma ya kaunta, mkono mmoja kisu, wa pili kitambaa, na kitambaa kinashuka paa! bila yeye hata kukatisha mazungumzo. Sasa mchana ule joto lilikuwa limetulia dukani, mapaja yananing'inia kwenye ndoano na kuzunguka polepole yenyewe, nikamwona nzi ametua juu ya kiganja chake. Bucha akamtazama. Nzi akasugua miguu ya mbele, akajipangusa kichwa, hana haraka. Mume wangu akamnong'oneza, "Haya, nenda zako, bwana mdogo."

"We baba!" nikamwambia. "Umerogwa?"

"Na yeye ana moyo," akanijibu.

Mimi nina mdomo, sikatai. Hasira zangu haziko mbali, mtu akizitaka anazipata. Lakini siku ile nilirudi kwenye mizani yangu, kwa sababu nilijua maneno yale ameyatoa wapi, na aliyeyaleta nyumbani ni mimi.

Ilikuwa hivi. Daktari wa moyo alituchorea kwenye karatasi: moyo una vilango, damu ikipita vinafungua, ikishapita vinafunga. Kimoja cha Bucha kilikuwa kimekauka, kigumu, hakifunguki sawasawa. Ndiyo maana akipanda ngazi alishika ukuta, na akicheka alikaa chini. Daktari alisema bila kuzunguka kwamba kisipobadilishwa, mwaka ujao hatauona. Kuna kilango cha chuma na kuna cha ng'ombe. Cha chuma kinataka dawa ya kulainisha damu maisha yote, na mtu anayeshinda na visu akijikata kidogo tu, damu haitamsikiliza. Basi cha ng'ombe ndicho kitakachomfaa.

"Ng'ombe?" Bucha akauliza.

"Ng'ombe."

"Huyu huyu wa kwato?"

Daktari akasema huyo huyo. Mume wangu akavaa kofia yake, akainuka, akatoka. Nilibaki mimi kuomba radhi.

Nyumbani alikaa kwenye kiti chake cha kamba, akasema taratibu, "Mama, nimewachinja tangu sijaota ndevu. Leo niende kwa mmoja wao, nimwombe anifungulie mlango? Kwa uso gani?"

"Kwa uso huohuo," nikamwambia. "Una mwingine?"

Hakucheka. Nikaona maneno yangu hayamwingii, nikamwita Kitinda. Huyu ni kitindamimba wetu, anafundisha chuoni habari za viumbe, na baba yake humsikiliza kuliko redio. Nikamwambia, mwanangu, njoo umtoe baba yako ujinga, mweleze ng'ombe na mtu wasivyo mbali, ili akubali. Nilidhani nina akili.

Alikuja dukani, akakunja mkono wa blauzi, akalaza mkono wake juu ya gogo la kukatia, ubavuni mwa mguu wa mbele wa ng'ombe uliokuwa umeshachunwa. "Tazama, baba. Hapa juu mfupa mmoja, na wewe mmoja. Hapa chini miwili, yake imeshikana tu. Hapa vijifupa vya kifundo cha mkono. Halafu vidole. Ng'ombe anatembea kwa ncha za vidole viwili. Kwato zake ni kucha." Akasema popo amevirefusha vidole akavitandazia ngozi, akapaa nayo. Nyangumi amevificha ndani ya pezi. Mchoro ni mmoja, kila mmoja ameuvuta upande wa haja yake.

Bucha aliyekuwa amekata miguu ile maisha yake yote aliigusa kana kwamba ndiyo kwanza anaiona.

Kitinda akaendelea. Ndani ya kila chembe ya mwili kuna vinasaba, maagizo ambayo mzazi anamwachia mtoto. Katika kuachiana huko kila kizazi kinakosea mahali. Kosa moja linaua, jingine linasaidia, mengi hayana habari, yanakaa tu. Yakirundikana miaka mamilioni kwa mamilioni, watoto wa mama mmoja wanakuwa huyu ng'ombe, yule popo, huyu wewe. "Lakini yako mambo hayabadiliki hovyo, baba. Agizo linaloanzisha moyo tumboni kwa mama, la kwako na la ng'ombe ni karibu lilelile. Hata nzi analo la jamii hiyo."

"Hata nzi?"

"Hata nzi."

"Kwa hiyo mimi na ng'ombe..."

"Ndugu," Kitinda akasema, na uso umemng'aa. "Wa mbali sana, lakini ndugu. Ndiyo maana anaweza kukusaidia."

Bucha akaweka kisu. Akakipangusa kwanza, kisha akakiweka. "Basi maisha yangu yote nimekuwa nikichinja ndugu."

Kitinda akanitazama, nami nikamtazama. Nilimwagiza dawa, akaja na ugonjwa wa pili.

Tangu hapo mume wangu hakwenda tena machinjioni. Nyama tulinunua kwa mwenzake, duka nikaliendesha mimi, na yeye alikaa mlangoni kwenye kiti cha kamba akisinzia. Alikuwa akisinzia asubuhi, akisinzia mchana, maana moyo uliochoka haumpi mtu usingizi mmoja wa maana, humpa vipande vipande. Katika vipande hivyo aliota, na akiamka alinisimulia huku macho bado yako huko.

Aliota anatembea na ng'ombe kwenye njia ya vumbi, lakini wanarudi kinyumenyume. Kila wakikata kona, wote wawili wanapungua kidogo. Kofia yake ikaanguka, halafu shati. Mgongo ukainama. Kwato za mwenzake zikapasuka zikawa vidole, na vidole vyake mwenyewe vikafupika, vikaota manyoya. Miti ya pembeni ilikuwa haina majina. Njia ikawa nyembamba, nyembamba, hadi wakafika kwenye shimo chini ya mzizi, na ndani amelala mnyama mdogo kiasi cha panya, amejikunja, anapumua. Mmoja tu.

"Nikatafuta yupi ni mimi na yupi ni ng'ombe, sikuona," akaniambia. "Nikataka kuamka, mama, sikujua niamke kama nani."

"Uamke kama mume wangu," nikamwambia.

Nilijaribu kila njia. Nilimwambia, "Wahenga walisema ndugu ni kufaana, si kufanana. Haya, kama ni ndugu, mwache akufae!"

Akafikiri. "Kufaana ni wawili. Mimi nimemfaa nini?"

Jamani, mtu akiuliza swali la kweli linaudhi. Nilipiga kelele. Nikamwambia utaniacha mjane kwa ajili ya ng'ombe, na watu wataniuliza amekufa kwa nini, nitasema kwa haya! Halafu nikaingia chumba cha nyuma, kwenye ndoano tupu, nikalia hadi aproni ikalowa. Nilimpenda mzee yule. Kwamba nilikuwa nikimgombeza haibadilishi neno hilo, ndiyo kwanza inalithibitisha.

Siku moja asubuhi akarudi kutoka mnadani na mtamba, ng'ombe jike ambaye bado hajazaa. Alikuwa wa rangi ya kahawia, na baka jeupe kifuani. Akamfunga nyuma ya nyumba, akamkatia majani, akamwekea chumvi, akamsugua mgongo kwa brashi yangu ya kufulia. Mchana aliburuta kiti chake cha kamba hadi pale, wakawa wanasinzia pamoja. Nikipita na beseni nilimsikia anamsemesha kwa sauti ya chini, na mtamba anatafuna, anatikisa sikio.

"Ndiyo nimeletewa mke mwenza?" nikamuuliza.

Akatabasamu, mara ya kwanza baada ya muda mrefu. "Mama, nimekubali."

"Umekubali nini?"

"Kupasuliwa."

Nilitaka kupiga vigelegele nikajizuia, nisije nikamzindua. Sikuuliza kimetokea nini. Heri ikibisha hodi huiulizi imetoka wapi, unafungua tu.

Siku ya kulazwa aliamka mapema kuliko sisi. Nilimkuta uani amevaa shati lake jeupe, amemwogesha mtamba hadi anameremeta, na ameshika kamba.

"Unampeleka wapi?"

"Hospitali."

"Kufanya nini?"

Akanitazama kama nimeuliza jua linatoka upande gani. "Mgonjwa anayehitaji damu huja na ndugu wa kumtolea. Mimi kilango changu kitatoka wapi? Nimemlisha, nimemsemesha, nimemwomba kwa adabu. Sikutaka kuchukua bila kuomba, nimechukua hivyo miaka yote."

"Na amesemaje?"

"Hajakataa."

Kitinda akafungua kinywa amweleze, nikamkanyaga mguu. Kama ng'ombe ndiye atakayemfikisha hospitali, basi aende na ng'ombe, aende na zizi zima.

Tukatembea. Ukungu ulikuwa haujaondoka barabarani, maduka hayajafunguliwa, na watu wachache tuliokutana nao walitupisha bila neno, kana kwamba na wao bado hawajaamka vizuri. Kila baada ya nyumba chache Bucha alisimama, pumzi zimemwishia. Aliegemea shingo ya mtamba, na mtamba alisimama naye, hakuvuta kamba hata mara moja. Walikuwa wakipumua pamoja, mvuke wa huyu na mvuke wa huyu, hadi mume wangu akapata nguvu ya kwenda tena. Niliona aibu kwa ajili ya ile brashi niliyokuwa nimeidai jana yake.

Getini mlinzi akainua mkono. "Mzee, ng'ombe haruhusiwi."

"Ni ndugu wa mgonjwa," Bucha akasema.

"Mgonjwa ni nani?"

"Mimi."

Mlinzi akanigeukia, nikamkazia macho, akaona bora aende kuita mkubwa wake. Akaja daktari mpasuaji mwenyewe, mwanamke mwembamba mwenye viatu vya mpira. Alisikiliza yote pale pale nje, mikono mfukoni, wala hakucheka, na kwa hilo nitamheshimu hadi kufa. Kisha akaingia ndani, akarudi na chupa ndogo ya kioo yenye maji.

"Hiki ni cha kuonyesha wagonjwa," akasema. "Chako ni kama hiki. Kimeshatengenezwa, baba. Huyu wako hana wa kumdai kitu."

Ndani ya chupa kulikuwa na kitu cheupe, vipande vitatu laini kama majani, vilivyoshonwa kwenye duara. Bucha akaiinua kwenye mwanga. Akaizungusha. Muuza nyama akitazama nyama hadanganywi, nikaona uso wake unabadilika.

"Huu si utando?" akauliza. "Ule unaofunika moyo?"

"Ndio huo."

"Ule ninaouvua kabla ya kupima?"

"Huo."

"Daktari," mume wangu akasema, "huo mimi nawatupia paka!"

Lazima niwaambie mume wangu ni mtu wa namna gani. Kwato huuza, pembe huuza, matumbo huyaosha mwenyewe, na mifupa iliyobaki humpa mwenye bustani. Mnyama akishakufa kwa ajili yako, husema, kumtupa ni kumuua mara ya pili. Alikuwa anajisifu kwa jambo hilo moja tu duniani.

Daktari akamweleza kwamba utando unaoshwa kwa dawa hadi kila kinachosema "mimi ni ng'ombe" kinyamaze, maana mwili unamjua wake, ukimgundua mgeni unapigana naye. "Tunafanana kiasi cha kushonwa pamoja, baba. Na tunatofautiana kiasi cha kukataana. Kazi yangu iko hapo katikati."

"Na yeye mwenyewe? Aliyevaa huu utando?"

"Alichinjwa zamani, mbali, kwa ajili ya nyama. Simjui."

"Hakuna anayemjua?"

"Hakuna."

Bucha akaketi ukingoni mwa njia, chupa magotini. "Mioyo yote ile," akasema. "Paka wa mtaa mzima!" Akaanza kucheka, akacheka hadi pumzi zikakatika nikamshika mabega, na kicheko kikageuka machozi bila kubadilisha sauti. Kitinda naye alikuwa analia, anajipangusa kwa ncha ya kamba.

Alipotulia akampa daktari chupa yake. "Mimi nilitupa," akasema. "Kuna mtu, hata hanijui, aliokota, akakaa chini akashona. Nikikataa sasa nitakuwa nimetupa tena, tena nikiwa najua." Akainuka. Akamshika mtamba kwenye baka jeupe, akamwambia nenda nyumbani, huna deni. Kisha akaingia kwa miguu yake.

Mimi nikabaki kwenye benchi la korido. Dirishani nilimwona Kitinda na mlinzi wakivutana na mtamba, ambaye alikuwa ameyapenda maua ya hospitali. Jua lilipanda ukutani. Harufu ya dawa ikawa nzito, saa ya ukutani ikawa inatembea kama imevaa soksi, na kichwa changu kikaegemea ukuta.

Benchi lilikuwa refu kuliko nilivyodhani. Jirani yangu alikuwa ng'ombe, ameketi kwa heshima, miguu pamoja. Popo alining'inia kwenye fimbo ya pazia. Mwisho wa korido nyangumi alijaa kutoka ukuta hadi ukuta, analowesha sakafu, anaomba radhi kwa kuziba njia. Nzi, kwa kuwa yeye ni wa ukoo wa mbali zaidi, alisimama ukutani peke yake, anasugua mikono. Katikati yetu walimketisha bibi mmoja mdogo kiasi cha panya, mwenye manyoya ya kijivu, na kila aliyepita alimwamkia. Hakuna aliyeuliza nani alimla nani. Ilikuwa siku ya hospitali tu, na siku ya hospitali watu hawagombani.

Mlango ukafunguka. "Ndugu wa mgonjwa?"

Wote wakainuka.

"Jamani, mke ni mimi!" nikasema kwa hasira.

"Tunajua, mama," ng'ombe akaniambia. "Hata sisi tunasubiri."

"Mama? Ndugu wa mgonjwa?"

Nikazinduka. Nesi amesimama mbele yangu na barakoa imeshushwa kidevuni. Nilitazama kulia, nikatazama kushoto. Benchi lilikuwa tupu.

"Ametoka salama," akasema. "Daktari anasema siku hizi za mwanzo ndizo za kuangalia. Unaweza kumwona kidogo. Usimguse kifua."

Sijui nilifikaje. Alikuwa amelala katikati ya mipira na nyaya, mdogo, rangi imemtoka, na bandeji imemshika kifua kizima. Nilikuwa nimemwandalia maneno, tangu siku aliyovaa kofia akatoka. Yote nikayaacha mlangoni. Nikashika kifundo cha mkono wake, nikatafuta kwa vidole, na nikaupata mpigo: du, du, du, haukimbii, hausitisiti. Miaka yote ile ya ndoa sikuwahi kuutafuta. Nililia kwa sauti na sikujali nani anasikia.

Kisha nikainama karibu na bandeji, nisiiguse.

"Nimeambiwa umetoka mbali," nikanong'ona. "Sijui sura yako, wala nani alikuchunga. Pole kwa yaliyokupata. Huyu bwana ni mbishi, nisikufiche, na mchana anakoroma. Lakini ni mtu mwema, na mimi bado namtaka. Usigombane naye, na yeye nitamwambia asigombane nawe. Karibu. Hapa ni kwenu."

Bucha akafumbua jicho moja.

"Unaongea na nani?"

"Si wewe," nikamwambia. "Lala."